Ukurasa wa Mkulima: Mpunga Juu ya Majani, Pasipo Moto
Wakulima wa Isangi hawajifunzi leo kupanda pasipo kulima. Hufyeka msitu, huuchoma, hutoboa mashimo, hutia mpunga, nafaka iliyoletwa na wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19. Lakini msitu uliopumzika vya kutosha sasa u mbali na vijiji vingi; ndiyo sababu wengine wataka kupanda juu ya majani yaliyofyekwa, wasichome.

Jambo hilo ni jema, ila lina hatari. Moto, tusiusingizie, hutoa jivu lipunguzalo ukali wa udongo, tena huua magugu. Na kwa jamaa yenye kapu moja tu la mbegu, shamba lililoota nusu ni njaa ya miezi. Basi mwaka wa kwanza jaribuni kipande kidogo.

Kosa kubwa ni mbegu kulala juu ya majani. Hulowa kwa mvua, huchipua, kisha jua huukausha mzizi kabla haujagusa udongo. Huko Kanada wakulima wa kanola, mmea wa jamaa moja na haradali, hupata taabu iyo hiyo katika mashamba yasiyolimwa, ijapokuwa wana mashine za thamani. Sogeza majani kwa mkono, toboa kwa panga au kijiti kina cha sentimita 2 au 3, tia punje 4 au 5, funika kwa udongo wenyewe, kandamiza kwa wayo. Toka shimo hadi shimo iwe kadiri ya sentimita 25.

Mbegu ipimwe mapema. INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kufanya kazi Yangambi (siku hizi ni INERA), ilichagua aina nzuri za mpunga wa nchi kavu. Lakini hata aina bora hufa ikihifadhiwa vibaya. Funga punje 100 katika kitambaa kibichi siku 7. Zikiota pungufu ya 80, zidisha punje shimoni au tafuta mbegu nyingine.

Mabua ya nyasi yakioza huupokonya mpunga naitrojeni, nao huwa manjano. Afadhali mukuna, iliyo jamii ya kunde. Ifyekwe majuma 2 au 3 mbele. Panya hupenda kujificha humo, basi tegeni mitego.

Siku ya 10 pita ukitazama mashimo matupu, uyajaze kwa mbegu ya akiba. Ukichelewa, mimea ya nyuma itaiva baada ya mingine kuvunwa, na ndege wote watakusanyika hapo.