Mji Aliouona Nabii Zakaria

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliotutangulia katika shule hii, mara nyingi twasikia watu wakieleza maono ya manabii juu ya Yerusalemu mpya kana kwamba ni habari za mawe na malango tu. Mimi naona ya kwamba nabii Zakaria alitaka tutazame jambo jingine, nasi tukaao Ngagara tunayo sababu ya kumwelewa upesi.

Kwanza tukumbuke wakati wake. Wababeli waliubomoa Yerusalemu yapata mwaka 587 kabla ya Kristo, wakachukua mateka wengi. Zakaria alianza kunena mwaka 520, Dario alipokuwa mfalme wa Uajemi. Waliorudi kwao walikuwa maskini, na hekalu lilikuwa halijamalizika. Katika sura ya pili nabii anamwona mtu mwenye kamba, aendaye kuupima mji. Malaika anaagizwa akimbie kumwarifu kijana huyo ya kwamba mji utakuwa hauna kuta, maana watu na mifugo watazidi. Katika sura ya nane anatupa alama ya mji uliopona: wazee wenye mikongojo wanakaa njiani, na watoto wanacheza. Hapo hataji dhahabu wala mnara.

Ngagara nayo ilianza kwa kamba. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji waliipima na kuijenga kwa mpango, kwa mkono wa ofisi yao ya OCAF, hata watu wakauita mtaa kwa jina hilo. Lakini Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, na katika miaka iliyofuata, majirani walitengana: Wahutu waliikimbia Ngagara, na Watutsi waliikimbia Kamenge iliyo jirani. Mpango mzuri wa nyumba haukuzuia hayo. Basi twajifunza ya kwamba mji waweza kuvunjika hali nyumba zimesimama. Zakaria alilijua hilo, maana alikumbusha siku ambazo mtu hakuweza kutoka wala kurudi kwa amani.

Mwingine atauliza, "Mbona Nehemia alijenga ukuta mwaka 445?" Ni kweli, wala hakukosea, kwa kuwa adui walikuwapo. Ila ukuta ni kama dawa: mgonjwa huihitaji, lakini dawa si afya yenyewe. Tusipime kupona kwetu kwa urefu wa nyua zetu.

Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalikuwa kazi ya wakubwa. Kazi yetu vijana ni ndogo zaidi, nayo imo katika sura ile ile ya nane: watu wasidanganyane, mashauri yaamuliwe kwa haki, na mtu asipange moyoni kumdhuru mwenzake. Haya hayangoji saruji. Mwanafunzi wa Ngagara aendaye Kamenge kumtembelea rafiki, akala kwao, akarudi jioni bila kuulizwa kabila lake, amejenga. Naye aliyesikia uvumi juu ya jirani, akakataa kuupeleka mbele, amejenga pia.

Basi ukitaka kujua kama mji wetu umepona, usihesabu maghorofa. Tazama njiani saa kumi na moja jioni: ni nani walioketi, ni nani wanaocheza, na ni nani wanaoogopa kupita.