Mchezaji Anapovua Jezi, Nani Huutazama Ubongo Wake?

Mnamo tarehe 20 Julai 2020, Shane Tuck, mchezaji mstaafu wa mpira wa Australia, alifariki dunia kwa kujitoa uhai akiwa na umri wa miaka 38. Miezi kadhaa baadaye, wataalamu wa benki ya ubongo ya wanamichezo mjini Sydney walibaini kwamba ubongo wake ulikuwa umeharibiwa vibaya na ugonjwa utokanao na vipigo vya kichwa vya kurudiarudia. Kwa sayansi, ugunduzi huo ulikuwa na thamani kubwa. Kwa mgonjwa mwenyewe, ulikuwa umechelewa. Tiba haina budi kumfikia mchezaji angali hai, hasa mchezaji wa kawaida, ambaye hana sanamu nje ya uwanja wala daktari wa klabu wa kumjulia hali baada ya kustaafu.

Tuck alitoka katika ukoo mashuhuri wa mchezo huo. Baba yake, Michael Tuck, alicheza mechi 426 katika klabu ya Hawthorn na kutwaa ubingwa mara saba. Mjomba wake, Gary Ablett, ni miongoni mwa wachezaji wanaosifiwa kuliko wote nchini mwao. Lakini yeye mwenyewe hakuwa nyota. Hawthorn ilimsajili kijana huyo kisha ikamwacha bila kumchezesha hata mechi moja ya timu ya kwanza. Alikwenda kujijenga upya katika klabu ya West Adelaide, kwenye ligi ya jimbo la Australia Kusini, ndipo Richmond ya Melbourne ilipomchukua mwishoni mwa mwaka 2003. Kuanzia 2004 hadi 2013 aliichezea mechi 173. Katika miaka hiyo Richmond ilishika mkia mara mbili, mwaka 2004 na 2007, na haikufika hatua ya mtoano hadi mwaka 2013, msimu wake wa mwisho. Kazi yake ilikuwa ya kiungo: kuinama kwenye msongamano wa miili, kuutoa mpira, kuinuka na kuanza tena.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, timu mbili zenye wachezaji 18 kila moja hukutana katika uwanja wenye umbo la yai kwa robo nne. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, na mwenye mpira huweza kukamatwa na kuangushwa chini. Kofia ngumu si sharti la mchezo. Hata ingekuwa sharti, isingetosha, kwa kuwa kofia hukinga ngozi na fuvu, lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu hilo. Ubongo ni laini na umezungukwa na maji. Kichwa kinaposimamishwa au kuzungushwa ghafla, ubongo huvutika na kujipinda, na nyuzi nyembamba za seli za neva hunyooshwa kupita kiasi.

Kipigo kikubwa huleta mtikisiko wa ubongo: kizunguzungu, kuchanganyikiwa, pengine kuzimia. Hatari nyingine haina kishindo. Ni vipigo vidogo vidogo, mazoezini na kwenye mechi, ambavyo havimwangushi mchezaji wala kuandikwa popote. Vikirudiwa kwa miaka mingi, kwa baadhi ya watu protini iitwayo tau hubadilika umbo na kurundikana ndani ya seli za neva, kuzunguka mishipa midogo ya damu kwenye mikunjo ya ubongo. Hali hiyo huitwa ensefalopathi sugu ya majeraha, na madaktari huifupisha kwa herufi CTE. Mwaka 1928, Harrison Martland, mwanapatholojia wa Marekani, aliwaeleza mabondia waliokuwa wakipepesuka na kupoteza kumbukumbu kama walevi ilhali hawakunywa. Mwaka 2005, Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, alichapisha taarifa za ubongo wa Mike Webster, mchezaji mstaafu wa mpira wa Marekani, na dunia ikalazimika kuelewa kwamba tatizo halikuishia ulingoni.

Baada ya kuiacha Richmond, Tuck alijaribu ndondi za kulipwa. Mwaka 2015 aliangushwa kwa nokauti na kupelekwa hospitalini. Miaka iliyofuata ilikuwa ya maradhi ya akili. Familia yake imeeleza hadharani kwamba alikuwa akisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Si mchezaji pekee wa mchezo huo aliyekutwa na CTE. Graham Farmer, mmoja wa magwiji wake, alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 84, na ndiye wa kwanza wa ligi hiyo kuthibitishwa. Danny Frawley, aliyefariki mwaka huohuo, naye alikutwa nayo. Ndiye aliyekuwa kocha wa Richmond Tuck alipoanza kuichezea. Heather Anderson, tabibu wa jeshi aliyecheza mechi nane tu katika ligi kuu ya wanawake lakini aliyekuwa uwanjani tangu utotoni, alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 28, na ubongo wake ulionyesha dalili hizohizo. Gwiji, kocha, mchezaji wa kawaida na mwanamke kijana: ugonjwa haukuuliza cheo.

Ni haki kukiri kwamba hatua zimechukuliwa. Tangu mwaka 2021, mchezaji wa ligi hiyo aliyepata mtikisiko wa ubongo hurejea uwanjani si mapema kuliko siku ya 12. Mwishoni mwa mwaka 2023, hakimu wa jimbo la Victoria aliyechunguza kifo cha Tuck alipendekeza mazoezi ya kugongana yapunguzwe, na madaktari wasiofungamana na klabu wawepo kwenye mechi. Mapendekezo hayo ni mazuri. Hata hivyo, sehemu yake kubwa inamhusu mchezaji aliye bado uwanjani. Miaka ya hatari zaidi inaweza kuwa ile inayofuata, wakati mshahara umekoma, wenzake wametawanyika, na mtu aliyezoea kuvumilia maumivu kimyakimya anaanza kuvumilia jambo asilolielewa.

Hapo ndipo klabu, ligi na wizara za afya zinapodaiwa zaidi. Kila mchezaji wa michezo ya kugongana angepaswa kuondoka na rekodi kamili ya majeraha yake ya kichwa, iliyo mali yake mwenyewe, pamoja na miadi ya kupimwa kumbukumbu, usingizi na hali ya akili kila baada ya muda. Huduma hiyo isipimwe kwa idadi ya mechi wala vikombe. Nyota ana watu wengi wa kumwona anapobadilika. Mchezaji wa kawaida mara nyingi ana mke, ndugu na rafiki wawili, nao huogopa kusema.

Hata hivyo tahadhari inahitajika, maana hofu nayo huumiza. Mpaka sasa CTE huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo tu. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayotosha kumwambia mtu aliye hai kwamba anao. Bongo zinazotolewa kwa uchunguzi, kwa sehemu kubwa, ni za watu waliokuwa tayari na dalili, kwa hiyo hazitupi hesabu ya wachezaji wote. Wala kifo cha kujitoa uhai hakina sababu moja. Tabibu anayemwambia mgonjwa, “Hii ni CTE, haina dawa,” amesema asichokijua na amemnyang'anya tumaini. Sonona hutibika. Kukosa usingizi, ulevi, shinikizo la damu, maumivu sugu ya kichwa, upungufu wa homoni za tezi ya shingo: yote haya huvuruga kumbukumbu na hisia, na yote yana tiba au nafuu. Mgonjwa atibiwe yale yanayotibika kabla ya kukabidhiwa jina la ugonjwa usioweza kuthibitishwa.

Wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki hawakutani na wachezaji wa Richmond, lakini hukutana na mabondia, wachezaji wa raga na walinda mlango waliogongwa mara nyingi. Mtu wa namna hiyo anapofika akilalamikia hasira za ghafla, usahaulifu au huzuni isiyokwisha, maswali machache yanatosha kufungua njia. Aliwahi kupigwa kichwani mara ngapi? Alicheza kwa miaka mingapi, na tangu umri gani? Aliwahi kurudi mchezoni siku hiyohiyo? Nyumbani wameona badiliko gani? Na swali ambalo wengi huliogopa liulizwe wazi: je, amewahi kufikiria kujidhuru? Kuliuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani; humpa nafasi ya kulitua. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na huduma ya afya ya akili itafutwe siku hiyohiyo.

Kwa mchezaji na familia yake, kanuni ni nyepesi. Aliyegongwa kichwa na kuchanganyikiwa hatoki benchi tena siku hiyo. Kutapika, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida au degedege ni safari ya hospitali bila kungoja asubuhi. Na aliyestaafu anapoona hajitambui tena, aende kwa tabibu akiitaja historia yake ya uwanjani bila haya, hata kama haulizwi. Mechi 173 si jambo la kuficha. Ni sehemu ya historia ya mgonjwa, sawa na shinikizo la damu la baba yake, na zinastahili mstari wake kwenye faili.