Jina la Mtu Asiyeamini

Wako wasemao kwamba katika Afrika ya Mashariki hapana haja ya kujadili heshima baina ya waaminio Mungu na wasioamini, kwa kuwa wasioamini hawapo. Dai hilo halina msingi. Wapo, na wengi wao hunyamaza. Nacho kimya cha mtu hakithibitishi kwamba hayupo.

Mwaka 2016 chama cha watu wasioamini Mungu kiliandikishwa kwa sheria nchini Kenya. Kabla mwaka huo haujakwisha, uandikishaji ulisimamishwa kwa hoja ya kulinda amani. Katiba ya Kenya ya 2010 humkiri Mungu katika utangulizi wake. Lakini ibara ya 8 husema kuwa dola haina dini, na ibara ya 32 humpa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, itikadi na maoni. Maneno hayo yote yamekaa katika kitabu kimoja bila kugombana. Imekuwaje basi watu wachache waliojitokeza mchana, kwa majina yao, wahesabiwe kuwa hatari? Akusudiaye kuvunja amani haendi ofisini kuomba cheti.

Sehemu ya kosa imo katika lugha. Neno kafiri lina maana yake katika elimu ya dini, lakini mtaani limekuwa tusi. Neno mpagani lilibandikwa juu ya wazee waliotambika, ambao wengi wao walimjua Mungu na kumtaja. Neno mkanamungu limekaribia, ila huanza na kukana, kana kwamba mtu huyo amekamatwa akikataa deni. Hivyo asiyeamini huhukumiwa kabla hajafungua kinywa.

Wasioamini nao hawana usafi wa kujivunia. Baadhi yao humwita kila asaliye mjinga aliyefumbwa macho, na hulisema hilo kwa Kiswahili. Na wajiulize Kiswahili hicho kililelewa na nani. Utenzi wa Tambuka, ambao tarehe yake hutajwa kuwa 1728, ni kazi ya imani. Kamusi ya Krapf, iliyochapwa mwaka 1882, ni kazi ya mmishenari. Amdharauye mwenye kusali humdharau kwa chombo alichorithi kutoka kwake.

Atatokea wa kuuliza: je, heshima maana yake ni kunyamaza? La. Hoja na ipingwe kwa hoja, hata ivunjike. Mwenye hoja abaki mzima. Kila upande umwite mwenzake kwa jina ambalo mwenyewe angelikubali, na imani ya mtu ielezwe kwanza na yeye mwenyewe, kabla ya adui yake kuieleza.

Kipimo cha maneno haya kiko msibani. Asiyeamini huenda kumzika jirani. Wengine waombapo, yeye husimama, haitikii amina wala hacheki. Watu humsifu kwa adabu yake. Lakini siku afapo yeye, naye aliacha wasia kwamba azikwe bila sala, jamaa humwita shehe au kasisi, wasia ukawekwa kando, na wote wakasema wamemtendea wema. Aliyesimama kimya miaka yote kwa ajili ya sala za wenzake alikuwa akiwadai kitu kimoja tu, na deni hilo hawakumlipa.