Kona ya Mwalimu: Uliza Namba ya Kiwanja Kabla ya Kulipa Chumba

Mwezi huu tuache kidogo hesabu na imla. Nataka tuongee juu ya chumba cha kupanga Kigali. Vijana wetu wanapanda basi mpaka Nyabugogo kwenda kutafuta kazi, na wengi wakifika wanakuta kazi si shida ya kwanza. Shida ya kwanza ni mahali pa kulala.

Naanza na yaliyotupata nyumbani. Mwaka jana yaya wangu, mtoto wa kwanza wa mama, alipata kazi ya kushona mjini. Komisiyoneri mmoja akampeleka bondeni, akamwonyesha chumba kizuri: sakafu ya saruji, ukuta umepakwa rangi mpya. Bei faranga 25,000 kwa mwezi, wakati vyumba alivyoviona kule juu mlimani vilikuwa 35,000. Nani angekataa? Akalipa miezi mitatu mara moja, 75,000, mkononi, bila karatasi. Komisiyoneri akachukua 10,000 yake ya kuonyesha. Pesa hiyo yote ilikuwa akiba ya mama, ya kuuza mboga miezi na miezi.

Wiki ya tano mvua ikanyesha. Rangi mpya ikaanza kubanduka, na chini yake ikatokea alama nyekundu. Watu wa Kigali wanaiita "towa". Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kutafsiriwa: ni nyumba ya kutolewa. Majirani walikuwa wanajua, wengine walishaanza kufunga vitu. Yaya akampigia mwenye nyumba, simu haipatikani. Komisiyoneri akamjibu, "Mimi kazi yangu ni kuonyesha tu." Wiki ile ile akahama na godoro lake kichwani.

Tufanye hesabu sasa, maana mwalimu hawezi kuiacha kabisa. Chumba cha 25,000 kilimla 85,000 kwa wiki tano. Kile cha 35,000 kingemlaza salama miezi miwili na faranga 15,000 zingebaki. Kumbe rahisi ilikuwa ghali.

Mimi nilikasirika, halafu nikaona aibu. Kwa sababu jibu la swali lake lilikuwa ndani ya kompyuta ile ile ninayofundishia hapa kambini. Hakuna aliyetuambia tuulize.

Sikilizeni jinsi jambo lenyewe lilivyo. Kati ya 2009 na 2013 nchi ya Rwanda iliandikisha ardhi yake yote. Walitumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, kisha majirani wakasimama pamoja mipakani na kukubaliana: hapa kwako, hapa kwangu. Viwanja zaidi ya milioni 10 viliandikwa, na kila kimoja kikapewa namba yake inayoitwa UPI. Namba hiyo ina sehemu tano: mkoa, akarere, umurenge, akagari, na mwisho kiwanja chenyewe. Kwa hiyo UPI ya Kigali inaanza na 1. Tangu Januari 2023 hata hati yenyewe inatolewa kwa njia ya kompyuta, si lazima karatasi ya zamani yenye muhuri.

Upande wa pili, Jiji la Kigali lina mpango wake mkuu unaokwenda mpaka 2050, uliozinduliwa Septemba 2020. Mpango huo umewekwa kwenye intaneti kama ramani yenye rangi. Unaandika UPI, ramani inakupeleka mpaka kiwanja chenyewe, na inakuambia pale ni mahali pa makazi, pa biashara, pa kilimo, pa msitu, au ni bonde la maji. Kama huna namba, unaweza kuitafuta sehemu yenyewe kwa jicho, mtaa kwa mtaa. Kutazama hakuhitaji kwenda ofisini.

Mabonde hayo si mchezo. Desemba 2019, wakati wa mvua kubwa, Jiji lilianza kuondoa familia nyingi zilizokuwa zinakaa kwenye mabonde ya maji. Wenye nyumba waliongea juu ya hati na fidia. Mpangaji je? Mpangaji hana hati, ana sufuria na blanketi. Nyumba ikibomolewa, kodi aliyolipa mbele inakwenda na maji.

Kuna wazee watakaosema: mwalimu, mambo ya kompyuta ni ya wenye kusoma. Siyo hivyo. Wenzetu waliotoka Gihembe, kambi iliyofungwa 2021, wanakumbuka kwamba kule pesa ya chakula ilianza kuingia kwa simu tangu 2014. Walisema wamama wazee hawataweza. Leo mama mzee anajua namba yake ya siri kuliko mimi. Na mambo ya serikali yako kwenye Irembo tangu 2015, na asiye na simu nzuri anasaidiwa na wakala wake. Tatizo ninaloliona mimi ni lugha. Kiswahili kiliingizwa katika lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, lakini nilipofungua Irembo nilikuta Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza tu. Kwa hiyo mtoto anayesoma amsomee mzazi. Hiyo ndiyo kazi yenu, wanafunzi.

Nisiwadanganye lakini. Ramani haipunguzi kodi. Nyumba za bei nafuu zinaongelewa sana: mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikubali kuipa Rwanda dola milioni 150 za kusaidia mikopo ya nyumba. Kule Kenya kuna mfumo wa Boma Yangu, mtu anajiandikisha kwa simu na kuweka akiba kidogo kidogo, na sheria ya Machi 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba hizo. Ni mambo mazuri, lakini benki inataka kuona mapato yako, na kujiandikisha si kupewa ufunguo. Anayelipwa kwa siku, kama yaya, bado atapanga chumba. Na anayepanga chumba, kinachomuumiza zaidi ni uongo. Mwenye pesa akidanganywa mara moja anaanza tena. Sisi tukidanganywa mara moja tunarudi kambini. Ndiyo maana nasema: simu haitupunguzii kodi, inatupunguzia uongo, na huo uongo una bei.

Basi, kwa kijana anayejiandaa kwenda mjini, na kwa mzazi anayetoa pesa, shikeni haya:

1. Kabla ya kulipa, omba UPI kwa heshima. Mwambie mwenye nyumba, "Mama, naomba namba ya kiwanja nitazame ramani." Akikataa, nenda kwa mkuu wa umudugudu au ofisi ya akagari, uulize kama nyumba ile ina tatizo. Kuuliza si kosa.

2. Usitume pesa kwa ajili ya picha. Kwenye makundi ya WhatsApp picha moja ya chumba inaweza kuuzwa kwa watu kumi. Fika, gusa ukuta, ongea na jirani.

3. Lipa kwa Mobile Money, si mkononi. Ule ujumbe unaobaki kwenye simu una jina, siku na kiasi. Usiufute.

4. Andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja wa daftari, wote mtie sahihi, kisha upige picha. Karatasi inalowa.

5. Jua kwamba ramani inasema juu ya ardhi, haisemi juu ya tabia ya mtu. Kiwanja kinaweza kuwa cha makazi na mwenye nyumba akawa mkali. Hapo simu haisaidii, jirani ndiye anasaidia.

Yaya alirudi Kigali baada ya miezi miwili. Safari hii komisiyoneri mwingine alipoombwa UPI alicheka, akasema, "Unanunua nyumba wewe?" Yaya akamwacha. Akamkuta mama mmoja mzee, mjane, huko juu, chumba 35,000. Alipoombwa namba, mama yule hakukasirika. Aliingia ndani, akatoka na hati iliyofungwa kwenye kitambaa, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, na yaya akanitumia. Mimi na wanafunzi wangu wa darasa la sita tukaiandika kwenye kompyuta ya kambi. Ramani ikaonyesha mahali pa makazi. Watoto wakapiga makofi, eti wamemtafutia yaya nyumba.

Mpaka leo analala pale. Mvua ya Aprili ilipita, ukuta ukabaki ukuta.

Mwenye swali anipate darasani jioni, Jumanne na Alhamisi. Njooni na namba ya kiwanja, tutatazama pamoja, bure. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.