Debe Lipi?

Hatuwezi kunyamaza tuonapo walimu wenzetu wakiandika ubaoni kwamba debe ni lita 20, basi. Debe la kale la mafuta ya taa lilikuwa la galoni 4 za Kiingereza. Galoni hiyo ni lita 4.546 (ile ya Marekani ni 3.785, tusizichanganye), hivyo debe hilo ni lita 18 na ushei. Yako madebe ya lita 20, hatubishi. Mwalimu na aseme ni lipi. Eti tofauti ni ndogo! Madebe 10 ya lita 20 hujaza 11 ya kale. Mkulima wa Uganda akipatana bei ya maharage kwa debe la kale, kisha yakapimwa kwa hilo kubwa, katika kila madebe 10 debe zima limekwenda bure. Akilalamika, daftari la mwanawe, tulilolisahihisha sisi, lamwambia hakupunjwa.