VPN si ya bure: inakula kasi na mega

Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, mitandao ya X na TikTok ilizuiwa hapa Kongo. Mulungwishi iko mbali na Goma, lakini simu zetu ziliguswa vilevile. Vijana wakafundishana dawa: VPN. Tangu siku zile, wengi wanaiacha ikiwaka usiku na mchana. Intaneti ya nyumbani ikienda pole pole, lawama yote wanaitupia kampuni ya simu.

Kampuni zina makosa yao. Lakini tuseme ukweli: VPN nayo inapunguza kasi. Bila VPN, ombi lako linaelekea kwenye tovuti unayoitafuta. Ukiiwasha, kila kitu kinafungwa kwa siri, kinapitishwa kwanza kwenye seva ya katikati, ndipo kinaendelea na safari. Seva hiyo ikiwa Marekani, hata ukurasa unaohifadhiwa Afrika ya Kusini unavuka bahari mara mbili kabla ya kukufikia. Kufunga huko kunaongeza pia uzito, na mega zinaisha mapema kidogo.

Mwenye fiber nzuri anaweza asione tofauti. Lakini katika nyumba nyingi za kwetu, intaneti ni simu moja inayowagawia wengine, na mega zinanunuliwa kwa faranga za chakula. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kimetodisti anayeshusha kitabu usiku, hasara hiyo ataiona.

Tufanye nini? Pima kasi VPN ikiwa imewashwa, kisha ikiwa imezimwa. Izime usipoihitaji. Ukiihitaji, chagua seva ya Afrika ya Kusini kuliko ya Ulaya au Marekani. Jihadhari na zile za bure: mara nyingi seva zake zimejaa watu, na baadhi yake zinajilipa kwa kuuza habari zako.

Lakini tusiishie kumfundisha raia tu. Nani alimsukuma kwenye VPN? Intaneti ilikatwa Januari 2015 wakati wa maandamano. Ikakatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, kwa karibu siku 20. Na mtandao wote ukikatwa, hata VPN haisaidii kitu.

Serikali inapozuia X au TikTok, habari hazikomi: zinapita njia ndefu zaidi, na anayelipia njia hiyo ni raia. Uongo wa vita ni hatari, hatukatai. Basi kila kizuizi kitangazwe wazi, na sheria inayokiruhusu itajwe, pamoja na siku ya mwisho wake. Bila hivyo, mama wa Mulungwishi ataendelea kulipa kwa mega zake uamuzi uliofanywa Kinshasa bila yeye kuelezwa.