Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Funzo la Tarakilishi Kongwe

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Yamkini hakuna uwanja ambapo methali hii inasadifu zaidi kuliko ule wa tarakilishi (au kompyuta, au ngamizi, mjadala huo wa istilahi nimewaachia walionizidi subira). Chombo kinachonunuliwa kwa mbwembwe leo, baada ya miaka michache huitwa takataka. Hata hivyo, nchini Uingereza wapo watu waliokataa katakata kuipokea hukumu hiyo. Makala haya yanashikilia kwamba sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna la kujifunza kutoka kwao, na kwamba tukilipuuza tutakuja kujuta.

Chombo ninachokusudia ni BBC Micro. Kwa wengi wetu, herufi hizo tatu huibua kumbukumbu ya Idhaa ya Kiswahili iliyoanza kutangaza mwaka 1957. Mwishoni mwa mwaka 1981, shirika hilo hilo lilishirikiana na kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge kutoa tarakilishi ya nyumbani na ya shuleni, sambamba na vipindi vya televisheni vya kuwafunza raia matumizi yake. Modeli B ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 pekee. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi haienei humo. Hata hivyo, ziliuzwa zaidi ya milioni 1, na kizazi kizima cha wanafunzi wa Uingereza kilianzia hapo.

Zaidi ya miaka 40 baadaye, nyingi za mashine hizo zingali zinafanya kazi. Hili si jambo la bahati. Ndani ya kisanduku chake cha umeme mna kapasita ambazo ganda lake hupasuka kwa uzee, zikanyonya unyevu, na siku moja zikalipuka kwa moshi wenye uvundo. Wapenzi wa chombo hiki huzing'oa na kutia mpya. Mahali pa viendeshi vya diski vilivyochakaa wamepachika kadi ndogo za kumbukumbu. Wengine wameunganisha kijitarakilishi cha Raspberry Pi kwenye mlango uitwao Tube, kikawa bongo la pili la mashine. Mlango huo una historia: mwaka 1985 wahandisi wa Acorn waliutumia kuijaribu prosesa yao ya kwanza ya ARM, ambayo vitukuu vyake vimo katika simu tunazozibeba mifukoni. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Aidha, katika jumba la makumbusho ya tarakilishi huko Bletchley Park, wanafunzi wa leo hukalishwa mbele ya mashine hizi wakajifunza kuandika programu.

Je, ni kipi kilichowezesha haya? Mosi, kitabu cha mwongozo kilichoandamana na mashine hakikumficha mtumiaji chochote cha msingi. Mwenye kukisoma aliweza kuielewa mashine yake ndani na nje. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lilikuwapo. Pili, wajuzi huwafunza chipukizi bila choyo. Tatu, na hili ndilo kubwa, mashine hutumiwa. Haikufungiwa kabatini ikaabudiwa.

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa fasihi na isimu? Jibu limo katika kisa cha mradi wa Domesday. Mwaka 1086 mali na ardhi ya Uingereza iliorodheshwa kwa agizo la Mfalme William wa Kwanza. Katika kuadhimisha miaka 900 ya orodha hiyo, mwaka 1986 BBC ilitoa diski za leza zenye maandishi na picha za maisha ya Waingereza, zilizochangiwa na zaidi ya watu milioni 1, wengi wao watoto wa shule. Diski hizo zilisomwa kwa tarakilishi ya jamii ya BBC Micro pamoja na kiendeshi maalumu. Haikupita miaka 20 kabla ya hofu kutanda kwamba hakuna atakayeweza kuzisoma tena, ilhali kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi, kingali kinasomeka! Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha kwamba yaliyomo yangeweza kuokolewa kwa programu inayoiga mashine ile ya kale. Baadaye wapenzi wa mashine wenyewe walibuni kifaa cha kunasa mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye diski.

Sasa tujitazame. Ni tasnifu ngapi za Kiswahili zilizochapwa katika miaka ya 1990 zilizo katika visahani ambavyo hakuna tarakilishi ya leo inayoweza kuvipokea? Ni ngano na nyimbo ngapi zilizorekodiwa nyanjani katika kanda za kaseti zinazoliwa na kuvu ndani ya masanduku? Tunalia kwamba lugha yetu haina hazina ya kutosha, ilhali hazina yenyewe tunaiozesha kwa mikono yetu.

Wapo watakaopinga kwamba kusifu mashine kongwe ni kuwafungulia mlango wanaotaka kuligeuza bara letu jaa la taka za kielektroniki. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Ila pana tofauti kubwa kati ya kutupiwa chombo kilichokufa na kukihifadhi chombo unachokielewa na kuweza kukitengeneza. Wengine watasema programu za kuiga zinatosha, mashine hazihitajiki. Nao wakumbuke kwamba programu hizo ziliandikwa na watu walioijua mashine, na kwamba diski haijisomi. Sharti pawepo kiendeshi kizima cha kuizungusha.

Kwa mintarafu hii, napendekeza kila tawi la chama chetu lifanye mambo matatu. Liorodheshe kanda na visahani vyote vilivyomo idarani. Litunze angalau kinanda kimoja cha kaseti na tarakilishi moja kongwe vilivyo vizima, na kunakili yaliyomo kabla hayajapotea. Hatimaye, liandike kwa Kiswahili sanifu maelezo ya jinsi vyombo hivyo vinavyofunguliwa, vinavyosafishwa na vinavyotumiwa, ili anayekuja asianze na kurunzi gizani. Hilo la mwisho litaikuza lugha yenyewe kuliko makongamano mengi ya istilahi, kwa kuwa neno, sawa na mashine, huishi kwa kutumiwa.

Mbachao ungalipo. Tusiuache.